Kijiko cha Mfuto: Bango la Maarifa na Msomaji Wake wa Pongwe

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya utenzi na riwaya, juu ya ngoma na kinyago cha Mmakonde, lakini karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa zahanati hawaigusi. Huipita kama mtu apitavyo kibao cha njia. Jambo hili latushangaza, kwani karatasi hiyo ina maneno, ina picha, ina rangi na ina mpango. Nayo husomwa na watu ambao hawatafungua diwani maishani mwao. Tena husomwa na mtu mwenye haja. Mama aliyempakata mtoto anayeharisha hatafuti burudani ukutani. Kwa hiyo sisi twaona kwamba bango la maarifa, yaani bango lenye nia ya kufundisha jambo kwa picha, tarakimu na maneno machache, ni kazi ya sanaa inayostahili kuhakikiwa, na kwamba mizani yake ni kali kuliko ya ushairi. Shairi baya humchosha msomaji. Bango baya laweza kumdhuru.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Pongwe, kando ya barabara itokayo Tanga mjini kwenda Muheza, kwa sababu mahali hapo hukusanya wasomaji wa kila namna. Pana mawe ya chokaa, na kwa ajili ya mawe hayo pana kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980. Eneo hili lilizungukwa na mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta katika pwani hii mwaka 1893, na ambalo lilivuta vibarua kutoka Kigoma, kutoka nyanda za juu za kusini na hata kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Basi mbele ya ukuta mmoja waweza kusimama Mdigo, Mbondei, Msegeju na Msambaa, mjukuu wa manamba, na dereva wa lori la saruji aliyeshuka kunywa chai. Wapo waliosoma shule, wapo waliosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani tu, na wapo wasiojua kusoma kabisa. Atakayewachorea wote hawa bango moja ana kazi.

Tuchukue bango la maji ya chumvi na sukari, dawa ya kwanza ya mtoto anayeharisha. Kanuni yake ni fupi: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Siku hizi pakiti zilizochanganywa tayari hupatikana, nazo zinafuata kanuni iliyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Mchanganyiko wa nyumbani ni wa saa ambapo pakiti haipo. Hata hivyo pakiti yenyewe hutaka maji ya kipimo maalumu, kwa hiyo swali la kipimo halikwepeki. Chumvi ikizidi, mtoto hudhurika. Sukari ikizidi, kuharisha huongezeka. Maji yakizidi, dawa hupoteza nguvu. Bango zima, basi, ni namba tatu, na yote mengine yamekuja kuzihudumia.

Sasa mabango ya aina hii, kwa wingi wa yale tuliyopata kuyaona, huzitendea vipi namba hizo tatu? Huzitia pembeni. Katikati hukaa mama mnene mwenye tabasamu, mtoto mnene kuliko mama, na amri yenye alama ya mshangao. Namba huandikwa chini kwa herufi ndogo, kana kwamba mchoraji amezikumbuka wakati mchapaji ameshafika mlangoni. Hatumlaumu sana mchoraji, kwa kuwa mara nyingi hupewa kaulimbiu na kuambiwa aipambe. Kosa limetangulia penseli: waliokaa kupanga bango walijiuliza waseme nini, wasijiulize mtu wa Pongwe atafanya nini kwa mikono yake baada ya kulitazama.

Angalia lita. Bango moja huonyesha jagi la kioo lenye mistari ya kupimia, chombo cha maabara ambacho jikoni hakipo. Lingine huonyesha chupa mbili za bia, kwa hoja kwamba kila moja ni nusu lita. Hesabu ni sahihi, lakini twauliza: ni nani aliyefikiri kwamba katika pwani ya Waislamu bibi ataona chupa ya bia imeelekezwa kinywani mwa mjukuu, kisha aendelee kusoma? Chupa ya soda nayo haifai, kwa kuwa ujazo wake haukubaki ule ule miaka yote. Leo chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ya nusu lita au ya lita nzima, yapatikana katika kila kibanda cha barabarani, na kipimo chake kimechapwa ubavuni. Hiyo ndiyo ya kuchorwa, pamoja na maandishi yake, kwa ukubwa wake halisi ikiwezekana, ili mtu aweze kuisimamisha ya kwake kando ya ile ya karatasini na kuzilinganisha.

Kijiko ni kigumu zaidi. Mchoraji akitaka kuonyesha kwamba kijiko kina kitu, hulazimika kuchora kilima juu yake, maana kijiko kilichosawazishwa, kikitazamwa ubavuni, hufanana na kijiko kitupu. Hivyo karatasi husema kijiko kimoja na picha husema karibu viwili. Asiyesoma huifuata picha. Msomi naye, tukisema kweli, huifuata picha. Katika sukari kosa hilo lavumilika kidogo, lakini katika chumvi ni hatari.

Hapa ndipo lugha ingemwokoa mchoraji lau angeiuliza. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kwa kuwa kupima ni kuuziana, walihitaji maneno yasiyoacha ugomvi. Kibaba kilichojazwa mpaka kikafanya kichwa walikiita kibaba tele. Kile kilichopitishwa kijiti au kiganja juu ya mdomo wake, ziada ikaanguka, walikiita kibaba cha mfuto. Neno ndilo hilo: mfuto. Halina haja ya kutafsiriwa wala kuundwa na kamati. Bango lililoandikwa "chumvi, nusu kijiko cha mfuto" lingesomwa na mzee kwa kichwa kinachotikisika kwa kukubali, naye angemweleza kijana asiyelijua. Na neno humpa mchoraji picha pia: asichore kijiko kilichojaa, achore kidole kikipita juu ya kijiko na chembe zikidondoka. Tendo hilo hata asiyejua herufi hulitambua, kwa kuwa amewahi kuliona dukani.

Liko jambo la mpangilio pia. Picha za hatua kwa hatua, chemsha, pima, koroga, nywesha, kwa kawaida hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mpangaji hudhani kwamba ulimwengu wote huanza kushoto. Lakini mtu aliyefundishwa chuoni, ambaye jicho lake lilizoezwa kwa herufi za Kiarabu, huanza kulia. Kwake yeye mtoto hunyweshwa kwanza, na maji huchemshwa mwishowe. Watu wa namna hiyo katika pwani yetu hawakuwa wachache, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa hizi tunazotumia. Dawa yake ni rahisi: hatua zishuke kutoka juu kwenda chini, kama maji yatokavyo mtungini, maana kwa wote wawili juu ndiyo mwanzo.

Twasikia wakati mwingine kwamba sanaa hii ni ngeni, kwamba yatupasa kuijifunza kutoka vitabu vya Ulaya. Anayesema hivyo hajamtazama mkewe. Kanga ina pindo linalozunguka na kuufunga uwanja. Ina mji, yaani ile sehemu ya katikati yenye picha au ua. Na ina jina, msitari mmoja wa maneno uliowekwa mahali pake pa siku zote, ambao lazima usomeke mtu akiwa anatembea. Mwandishi wa jina la kanga hana nafasi ya sentensi ya pili. Mchoraji wake hana nafasi ya kitu ambacho hakionekani kutoka upande wa pili wa barabara. Wanunuzi ni wakali: kanga isiyosomeka haivaliwi. Shule bora ya mpangaji wa mabango ingekuwa kukaa juma zima katika duka la kanga pale Tanga, akisikiliza akina mama wanavyochagua na wanavyokataa.

Hata hivyo, kusema kwamba shule ipo nyumbani si kuzuia kuazima. Katika bango la takwimu kanga haitusaidii sana, na hapo tuna la kujifunza kwa Otto Neurath na wenzake, ambao katika miaka ya 1920 walianza kule Vienna kueleza hesabu za jamii kwa alama za picha. Marie Neurath, mjane wake, aliifanyia kazi njia hiyo hata Nigeria ya Magharibi katika miaka ya 1950. Kanuni yao kuu ni kwamba kitu kikiongezeka, alama ziongezwe idadi, zisikuzwe. Tuipime kwa mkonge wa huku kwetu. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani zipatazo 230,000. Mwaka 1980 hazikutimia 90,000. Anayechora robota moja kubwa na moja dogo, kubwa likiwa mara 2 na nusu kwa kimo na vivyo hivyo kwa upana, amechora karatasini eneo la zaidi ya mara 6, na bila kukusudia amesema uongo. Lakini akiliweka kila robota kuwa tani 10,000, atapanga marobota 23 safu ya juu, na safu ya chini marobota 9, la mwisho likiwa limekatwa. Mtu aliyepata kufanya kazi katika ghala la mkonge hahitaji kuelezwa zaidi. Atayahesabu kwa kidole, kisha ataanza kusimulia.

Na kusimulia huko ni sehemu ya bango. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa majuma 12, na haikutegemea karatasi peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, redio ikasema, kijitabu kikasomwa kwa sauti, wakajadiliana, wakaenda kuchimba choo. Wapangaji wengi wa leo wameshika karatasi na kuacha kikundi, kisha hulalamika kwamba wananchi hawasomi.

Twapendekeza jambo moja la kufanywa kabla ya kupeleka kazi kiwandani. Rasimu ya penseli ipelekwe Pongwe, iwekwe mbele ya akina mama watano au sita, na wasiulizwe kama wameelewa, maana kwa adabu watajibu kwamba wameelewa. Wapewe chupa, kijiko, chumvi na sukari, waombwe wachanganye huku mchoraji amekaa kimya. Pale ambapo mkono utasita ndipo penye kosa la bango. Arekebishe, arudi tena. Na akiuliza libandikwe wapi, aliweke mbali na dirisha la jua la alasiri, ambalo hufuta wino mwekundu mapema, na kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi kwenye benchi na mtoto mapajani.