Mikono ya Chien-Shiung Wu

Enrico Fermi alipoeleza mwaka 1934 jinsi kiini cha atomu kinavyotema elektroni, hesabu zake ziliwapendeza wengi, ila vipimo vya maabara vilizikaidi. Elektroni za mwendo wa polepole zilionekana nyingi mno. Wengine wakaanza kuitilia shaka nadharia yenyewe. Chien-Shiung Wu, binti wa Liuhe karibu na Shanghai, alishuku sampuli iliyokuwa ikipimwa. Ilikuwa nene, tena haikulingana, na elektroni zilichoka humo kabla hazijatoka. Basi akatia sabuni kidogo katika maji ya salfeti ya shaba nururifu, yakatandazika na kukauka kama utando mwembamba, sawa kila mahali. Kufikia 1949 vipimo vyake vilikuwa vimempa Fermi haki yake. Sabuni, jamani! Hapo ndipo ninapouona ufundi wake, hata kuliko katika jaribio lililompa jina.

Jaribio hilo nalo halikuwa dogo. Mwaka 1956 Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang waliuliza kama kweli maumbile hayabagui kulia na kushoto. Wu alikuwa amekwisha kukata tikiti ya meli na mumewe. Akamwacha asafiri peke yake, yeye akabaki kulijibu swali hilo kwa jaribio. Kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akawa anakwenda na kurudi Washington, kwenye maabara ya serikali iliyokuwa na mafundi wa baridi kali. Kobalti-60 ilipaswa kupozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida, ili sumaku ivielekeze viini vyake upande mmoja. Ikipata joto kidogo tu, mpangilio unavurugika, na dakika za kuhesabu ni chache. Wu na wanafunzi wake wakaotesha fuwele kubwa wenyewe, wakaijengea kobalti kijumba cha kuikinga na joto.

Elektroni zilitoka kwa wingi upande mmoja: maumbile hubagua kulia na kushoto. Mwaka 1957 Lee na Yang wakapewa Tuzo ya Nobeli. Wu hakupewa, na kwangu hiyo ni dhuluma. Tuzo ya Wolf ya 1978 ilikuja kumpoza baadaye sana. Wolfgang Pauli, bingwa wa nadharia, alikuwa tayari kuweka dau kubwa kwamba kulia na kushoto vitatoka sawa. Matokeo yalipomfikia, alishukuru kwamba hakuwa ameliweka.