Waliobeba Baridi

Ukikaa vizuri na dereva mstaafu wa lori la friji hadi akuzoee, jambo la kwanza atakalokueleza ni kwamba ile mashine iliyofungwa mbele ya bodi haigandishi kitu. Inalinda tu. Mzigo ukipakiwa umeganda sawasawa, mashine itauhifadhi vivyo hivyo hadi mwisho wa safari. Ukipakiwa umelegea, utafika umelegea au umeharibika, na atakayeulizwa ni dereva. Kwa hiyo kazi yao ilianzia uwanjani kwa kiwanda, kabla tairi halijazunguka, na waliosifika katika kazi hiyo walisifika kwa yale waliyoyafanya lori likiwa bado limesimama.

Wazee ninaowazungumzia ni wale wa upande wa Mwanza. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza ziwa. Ulaya ikampenda. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota kando ya maji, na pamoja navyo ikaja kazi ambayo watu wachache mno waliijua. Minofu mibichi ilipangwa katika maboksi ya povu jeupe na kuwahishwa kwenye ndege. Iliyogandishwa ilitiwa katoni na kupelekwa kwa barabara hadi bandarini, Dar es Salaam au Mombasa, ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo.

Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Leo ni lami mwanzo hadi mwisho. Wakati ule, kipande cha kati, kuanzia Dodoma kupita Singida hadi Nzega, kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na katikati yake kulikuwa na mlima Sekenke, ambao madereva wa rika lile wakiutaja hubadilisha namna walivyokaa kitini. Magari mengi, mabasi kwa malori, yalikuwa yakikwepa njia hiyo kwa kuzunguka Kenya: yanatokea Sirari, yanapita Nairobi, yanarudi nchini Namanga, kisha Arusha, Moshi na kushuka hadi Dar. Ichukue ile safari ya kati, ya vumbi na tope, uiongezee jua la mchana la Dodoma juu ya paa la bati, halafu ukumbuke kuwa ndani ya bodi hakuna katoni iliyoruhusiwa kujua kwamba imeondoka kiwandani.

Basi tazama walivyopakia.

Lori lilipofika, bodi ilikuwa tupu na ya moto. Halikupakiwa hivyo. Mashine iliwashwa, milango ikafungwa, bodi ikapozwa kwanza hadi kuta zenyewe zikapoa, kwa sababu ukuta wa moto huiba baridi ya mzigo. Ilipokuwa tayari na milango ikafunguliwa kwa ajili ya kupakia, dereva mjuzi aliizima mashine. Mgeni wa kazi angeshangaa: mbona unazima wakati joto ndilo linaingia? Lakini feni zikizunguka milango ikiwa wazi, huvuta hewa ya nje yenye unyevu wa ziwa, na unyevu huo huganda kwenye koili, yale mabomba yanayopoza hewa. Utaanza safari na koili iliyozibwa na barafu, usijue kwa nini mashine inahangaika.

Milango nayo ilipimwa kwa namna ambayo sijaacha kuistaajabia. Kabla ya kupakia, utingo aliingia ndani, milango ikafungwa kwa nje, naye akasimama gizani hadi macho yakazoea. Kisha akatafuta mwanga. Kama raba ya mlango ilikuwa imepasuka, au imechoka na kulala, uzi mwembamba wa mwanga ulijichora pembeni. Utingo aligonga bodi pale pale, na dereva aliyekuwa nje akaweka alama ya chaki. Walizunguka hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, wakisemezana kwa kugonga, hadi mlango mzima ukakaguliwa. Kifaa walichotumia ni macho ya kijana na kipande cha chaki, na penye mwanga hapakosi joto. Baadaye walikagua sakafu: mifereji yake ni njia ya hewa, na kipande cha katoni kilichokwama humo kinaweza kuziba njia hiyo. Wakakagua na matundu ya kutolea maji chini ya bodi.

Halafu ukaja mzigo wenyewe. Dereva hakuridhika na neno la kiwanda. Alichomeka kipimajoto kati ya katoni mbili zilizobanana, akasubiri, maana kipimajoto kinachosomwa haraka husema joto la mkono wa aliyekishika. Akitilia shaka, aliomba pande la minofu litobolewe na kupimwa katikati. Na macho yalifanya kazi yao: katoni yenye kona zilizolegea, madoa ya maji yaliyokauka, au barafu iliyojikusanya sehemu moja chini ya mfuko. Ishara hizo zinasema kwamba samaki huyu aliwahi kuyeyuka, akagandishwa tena. Maji yaliyomo katika nyama yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, na chembe hizo huchana nyama kwa ndani. Ukija kuiyeyusha, maji yanachuruzika, mnofu unakuwa laini kama sifongo. Hakuna baridi itakayoutengeneza.

Hapa ndipo ilipokuwa fahari ya kazi, na wazee huifikia sehemu hii bila kuharakisha. Dereva aliyepima na kukuta nyuzi 12 chini ya sifuri badala ya 18 alikuwa na njia mbili. Angeweza kutia sahihi, akaondoka, akatumaini. Au aseme hapana. Kusema hapana kulikuwa kugumu: msimamizi wa zamu amekasirika, wapakiaji wanataka kwenda nyumbani, mwenye gari anapiga simu kuuliza kwa nini gari halijatoka, na meli haimngoji mtu. Waliosema hapana walirudisha katoni kwenye chumba cha baridi, wakalala uwanjani, wakapakia kesho yake. Wengine, walipolazimishwa, waliandika joto walilolikuta kwenye hati ya mzigo, wazi, kwa kalamu, pembeni mwa sahihi yao.

Kupanga mzigo nako kuna elimu. Baridi katika bodi hutembea: hutoka mbele, hupita chini ya dari, hushuka milangoni, hurudi kupitia sakafu. Ndiyo maana kuna mstari uliochorwa juu ukutani, na katoni haziruhusiwi kuuvuka. Samaki aliyeganda hupangwa kwa kubana, rundo moja zito, ili hewa ilizunguke kwa nje na kulilinda na joto la kuta. Waliowahi kubeba parachichi za Njombe na Rungwe wanajua kwamba huko mambo hugeuka. Tunda lipo hai. Linapumua, linatoa joto lake lenyewe, kwa hiyo hewa lazima ipite katikati ya maboksi, tundu likitazamana na tundu. Nyuzi tano au sita juu ya sifuri zinalitosha. Ukilizidishia baridi, nyama yake hugeuka nyeusi. Tena halipakiwi pamoja na ndizi zilizoiva, maana gesi inayotoka kwenye tunda lililoiva huliamsha lililo bichi. Chanjo nazo zinataka kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi yake zikiganda mara moja tu zimekufa. Anayedhani kazi hii ni kuweka baridi nyingi kadiri iwezekanavyo hajaifahamu. Kila mzigo una baridi yake.

Kisha milango ikafungwa, sili ikapigwa, na kuanzia hapo dereva hakuuona tena mzigo wake. Aliusikia.

Mashine ya friji ina injini yake na tenki lake la dizeli, inakunywa lita mbili, tatu, hata nne kwa saa, na haizimwi dereva anapolala. Kwenye maegesho ya Singida au Morogoro, madereva wengine walilalamikia kelele zake, basi wa friji waliegesha pembeni, wakihakikisha pua ya mashine haikutazama ukuta wala bomba la moshi la lori jingine, kwa sababu nayo inahitaji kupumua ili iweze kutupa joto nje. Walilala na ule mlio. Ukibadilika, waliamka. Mkanda ukianza kuteleza, unalia kwa namna yake. Kompresa ikielemewa, injini inakuwa nzito. Barafu ikijikusanya kwenye koili, mashine hujiyeyusha yenyewe: upepo hukatika, maji hudondoka chini ya bodi, baada ya dakika kadhaa upepo hurudi. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini dereva aliyeiva alihesabu. Ikijiyeyusha mara nyingi kuliko kawaida, maana yake unyevu unaingia, na akili ilimrudisha moja kwa moja kwenye ile raba ya mlango. Alijua ugonjwa bila kufungua chochote.

Mtu aliyewezesha kazi hii alikuwa fundi kama wao. Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1893, alikuwa yatima, aliacha shule mapema na kujisomea ufundi mwenyewe. Alitengeneza magari, hata ya mashindano. Kabla yake, vyakula vilisafirishwa juu ya barafu na chumvi, na barafu ikiisha njiani, biashara imeisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Minnesota, Jones alibuni mashine ya baridi iliyoweza kuhimili mtikisiko wa barabara, na kampuni aliyoianzisha pamoja na Joseph Numero ndiyo iliyokuja kuwa Thermo King, jina ambalo madereva wetu wamelisoma mbele ya bodi maisha yao yote. Alifariki mwaka 1961. Nishani ya taifa ya teknolojia ya Marekani ilimfikia mwaka 1991, akiwa kaburini. Kugandisha kulikuwa kumeshajulikana. Yeye alishindana na mtikisiko, na Sekenke palikuwa mahali pa kulithamini hilo: mashimo yanalegeza nati, bomba la gesi linasugua chuma hadi linatoboka. Ndiyo sababu wazee hawa walibeba spana kitandani mwa kabini, na kila waliposimama walipitisha mkono juu ya kila kiungo.

Palikuwa na jaribu ambalo hawapendi kulitaja, ila halikwepeki. Dizeli ya mashine inauzika. Ukizima usiku mzima, lita kadhaa zinabaki, na mnunuzi hakosekani njiani. Asubuhi unawasha, namba inashuka, unafika bandarini kipimo kikisoma vizuri. Nani atajua? Zamani, wenyeji wa vijijini waliazima moto kwa jirani wakaubeba ndani ya majivu. Kaa likizimika njiani, unarudi kuomba jingine. Baridi ya samaki haina jirani wa kurudi kwake. Ikikatika imekatika, na kinachofika ni katoni nzuri yenye nyama iliyochanika. Mashine nyingi zilikuwa na karatasi ya duara ambayo kalamu yake iliandika joto saa baada ya saa, lakini karatasi huharibika, huloa, hupotea. Mwisho wa yote kilichoulinda mzigo kilikuwa dhamiri ya mtu mmoja gizani, karibu na Manyoni, akiamua kuiacha mashine iunguze dizeli ambayo angeweza kuiuza.

Uzito wa hilo ulionekana mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wabichi kutoka kwetu kwa hofu ya kipindupindu, na tena mwaka 1999 kwa sababu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Makosa hayo hayakuwa ya madereva, lakini malori yalisimama, na watu wa ziwa wakaona jinsi riziki ya maelfu inavyoning'inia kwenye neno moja: kuaminika. Biashara iliporudi, ilirudi na wakaguzi na maswali mengi, na dereva mwenye kumbukumbu safi za safari akawa mtu wa kutafutwa.

Siku hizi ofisi inaona kwenye skrini joto la bodi iliyo njiani na mahali lilipo gari, na hilo ni jema. Lakini skrini husoma hewa. Haijui kwamba katoni za katikati zilipakiwa zimelegea, haioni uzi wa mwanga pembeni mwa mlango, haisikii mkanda ukianza kulia. Yote hayo bado yanataka mtu aliyefundishwa na mtu.

Tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, tuna vyuo vya VETA, na vijana wanajifunza humo kuendesha malori makubwa. Naomba wazee hawa waitwe madarasani wakiwa bado wana nguvu ya kusimama. Wawafungie wanafunzi ndani ya bodi tupu wawafundishe kutafuta mwanga. Wawape kipimajoto na katoni mbili. Kisha wawafundishe somo lililo gumu kuliko Sekenke: namna ya kusimama mbele ya msimamizi aliyekasirika, ukiwa na familia inayokutegemea, ukasema mzigo huu sitoki nao. Kuendesha gari vijana watajifunza kwa yeyote. Hilo watajifunza kwa aliyewahi kulifanya.