Trekta Kongwe la Kuchimba na Mikono Inayolijua

Anayetaka kununua trekta kuukuu la kuchimba, lile lenye beleshi la kupakilia mbele na kijiko nyuma, asianze kwa kuuliza bei. Aanze kwa kuweka kiganja juu ya injini. Akiikuta ya moto, ajue imeshawashwa kabla hajafika, na injini iliyokwisha kupashwa huficha maradhi mengi. Mafundi wa Chake Chake, Pemba, ninaowaheshimu wakikuta hali hiyo hawagombi na mtu. Hukaa kivulini, wakazungumza habari za karafuu na mvua, mpaka chuma kipoe. Ndipo huomba ufunguo.

Hapo moshi husomwa. Mweupe unaokawia kwisha huelekeza kwenye nozeli, au kwenye mgandamizo uliolegea. Wa buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni kazi ya ringi au vali, si kazi ndogo. Mweusi unaotoka mashine ikielemewa mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba, na mnunuzi akiona huo peke yake ana haki ya kufurahi.

Baada ya injini huja kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji chombo chochote zaidi ya subira. Fundi hunyanyua mkono wa nyuma mpaka juu, huzima moto, huchora mstari wa chaki kwenye chuma kinachong'aa cha jeki, kisha hungoja. Mkono ukishuka upesi, oili inapenya mahali: sili za ndani ya jeki zimekwisha, au vali hazifungi tena. Wapo wauzaji wanaoziba udhaifu huo kwa kukaza vali ya shinikizo ili mashine ionekane ina nguvu. Fundi mzuri hulijua hilo kwa kugusa pampu na mipira baada ya kazi ya muda mfupi, maana joto lake huwa si la kawaida.

Kile chuma kinachong'aa kinastahili kutazamwa kwa karibu, hasa hapa kisiwani ambako upepo wa chumvi haulali. Kutu ikikila hata kidoa kidogo, kila jeki linapoingia na kutoka, kidoa hicho hukwaruza sili. Unaweza kubadilisha sili leo na kukuta oili inavuja tena baada ya muda mfupi. Ndiyo maana mwenye kuijali mashine yake huvipaka grisi vyuma vyote vinavyobaki nje anapoiegesha kwa siku nyingi. Ukienda kununua ukakuta grisi kuukuu imekauka juu ya vyuma hivyo, usiudhike na uchafu. Umekutana na mtu aliyejali.

Makovu ya kuchomelea nayo yasimtishe mtu bure. Mashine ya miaka 40 isiyo na kovu haipo. La kuangalia ni mkono uliochomelea: bamba limekatwa kwa kipimo na ufa ukafuatwa mpaka mwisho wake, au chuma kimerundikwa tu juu ya nyufa ili siku ipite? Sehemu inayoumia zaidi ni bawaba kubwa ambayo mkono wote huzungukia kwenda kulia na kushoto. Ukiegemeza kijiko chini na kuusukuma mkono huku na huku, pini na bushi zilizochakaa zitaonekana kwa macho zikicheza.

Asili ya mashine hizi si ya zamani sana. Mwaka 1953 Mwingereza Joseph Cyril Bamford, aliyeanzisha kampuni ya JCB mwaka 1945, aliunganisha mkono wa kuchimba nyuma ya trekta la kawaida la shamba. Mwaka 1957 kampuni ya Case ya Marekani ikatoa mashine ya aina hiyo iliyoundwa kiwandani ikiwa kitu kimoja. JCB 3CX ilitoka mwaka 1980, na jina la kampuni hiyo limeenea hata watu wengi wakaliita trekta lolote la aina hii JCB, liwe limetengenezwa na nani.

Mashine za miaka hiyo hazina kompyuta, na kwangu hiyo ni sifa kubwa, si upungufu. Pemba ni kisiwa. Kati ya fundi na maduka makubwa ya vipuri ya Dar es Salaam ipo bahari. Mashine ambayo bushi yake inaweza kukerezwa, sili yake ikapimwa na kutafutiwa inayolingana, na pampu yake ikafunguliwa kwa spana juu ya meza safi, hiyo ndiyo inayofaa mahali ambapo kipuri husubiri meli.

Wenye mashine za Kiingereza wana neema nyingine. Mkono wa nyuma wa nyingi kati yao umefungwa kwenye reli, unaweza kusogezwa mpaka ukingoni mwa trekta na kuchimba sambamba na ukuta. Katika vichochoro vya Chake Chake, nyumba zilivyosongamana kwenye kilima kinachoelekea hori la bahari, hilo lina thamani kubwa. Ila mnunuzi akague vibano vinavyoushikilia mkono kwenye reli. Vikivuja oili, mkono huteleza wenyewe katikati ya kazi.

Ufundi wa kuinunua ni nusu tu. Mtazame dereva hodari akianza mtaro kwenye mteremko. Hukandamiza beleshi la mbele ardhini, hushusha miguu miwili ya nyuma, na ule wa upande wa bondeni huushusha zaidi mpaka mashine ilale sawa. Asipofanya hivyo, mkono utavutwa upande wa chini na kuta za mtaro zitainama. Udongo anaoutoa huutupa upande wa juu wa mteremko, mbali na ukingo, ili uzito usiipindue mashine wala usirudi shimoni.

Kisha liva mbili zinaanza kufanya kazi ya viungo vitatu. Kiwiko cha mashine kinapovutwa ndani, ncha ya kijiko haiendi moja kwa moja; huchora upinde, ikishuka kwanza halafu ikipanda. Kwa hiyo dereva anayetaka sakafu iliyonyooka hunyanyua mkono katika nusu ya kwanza na kuushusha katika nusu ya pili, huku kijiko kikijikunja polepole. Haya yote hufanyika kwa pamoja na bila kusita. Nimeona mitaro ya mabomba ambayo fundi aliposhuka na kamba yake na pima maji hakuwa na la kurekebisha ila kufagia.

Ardhi nayo ina tabia zake. Kinamo cha mabondeni, hasa baada ya masika, hung'ang'ania kijiko. Hodari hajazi mpaka juu, na hakipigi kijiko chini ili kukikung'uta. Kwenye uwanda wenye mawe ya matumbawe hutafuta ufa, akatia meno humo na kubandua. Anayeponda jiwe anaziponda pini zake mwenyewe. Pale Pujini, kusini mashariki ya mji, bado yanaonekana maboma ya udongo ambayo simulizi huyanasibisha na mtawala Mkama Ndume, na ambayo yalichimbwa kwa mikono ya watu. Ukisimama pale ukakumbuka uzito wa udongo huu, unaelewa kwa nini kijiko kimoja cha chuma kinastahili kutunzwa hivi.

Utunzaji wenyewe huanza asubuhi, kwa utingo na bomba la grisi.

"Ami, huku nyuma kunalia."

"Wapi? Usiniambie kwa sikio tu. Tia mkono, nami nitazungusha."

Ndivyo vijana wanavyofundishwa. Kwanza grisi, pini moja baada ya nyingine. Halafu kufukia mashimo kwa beleshi la mbele, kisha mashimo mapana ya kifusi ambako kosa la shubiri moja halimdhuru mtu. Mtaro unaopita kando ya nyumba, penye bomba la maji lililozikwa mahali asipopajua yeyote kwa yakini, huachiwa mwisho kabisa. Hata siku hiyo ikifika, mzee husimama ukingoni, macho yakiwa kwenye meno ya kijiko na mkono umeinuliwa tayari kumsimamisha kijana.