Windows 11 kwenye laptop ya mtumba: kukubali si kulindwa

Una laptop ya mtumba, uko Bukoba au Muleba, na fundi anasema atakupigia Windows 11 hata kama mashine haina sifa. Inawezekana: anaruka ukaguzi wa TPM 2.0, chipu inayotunza funguo za siri. Ila kuruka ukaguzi hakuongezi chipu, na Microsoft haikuhakikishii masasisho.

Kampuni nayo ina lake. Laptop nyingi za kizazi cha 7 cha Intel zina chipu hiyo, lakini orodha yake, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla hujalipa, muulize fundi: masasisho ya usalama yatatoka wapi? Akibabaika, mwambie aweke Linux Mint. Ni ya bure, na masasisho yanakuja.