Astarte: si kugawa jeshi kulikouponza Muungano

Mashabiki wa anime wakibishana kuhusu mbinu za vita, Astarte haikosi kutajwa, na hukumu huwa ile ile: Muungano ulikuwa na manowari 40,000 dhidi ya 20,000, ukazigawa mafungu matatu, ukapigwa fungu baada ya fungu. Ukigawa jeshi umekwisha, kesi imefungwa. Mimi naikatia rufaa hukumu hiyo. Kugawa jeshi kuliupunguzia Muungano nafasi ya kushinda, lakini hakukuiondoa. Kilichoiondoa kilikuja saa chache baadaye, kwenye maamuzi ya makamanda wawili walioshauriwa vizuri na wasaidizi wao wakakataa kusikia.

Kwa wasioifahamu, Astarte ni mapigano yanayofungua Ginga Eiyu Densetsu, hadithi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Legend of the Galactic Heroes. Ilianza kama riwaya za Yoshiki Tanaka, juzuu kumi zilizotoka Japani kati ya 1982 na 1987. Noboru Ishiguro akaiongoza kuwa anime ya sehemu 110 iliyoanza 1988 na kumalizika 1997, kisha studio ya Production I.G ikaanza kuitengeneza upya mwaka 2018. Himaya ya Galaksi, iliyo chini ya Kaisari, inapigana na Muungano wa Sayari Huru, wenye katiba na uchaguzi, na vita hivyo vimeshakula miaka 150.

Tanaka ni mtu wa takwimu, na hilo ndilo linalofanya ubishi juu ya vita vyake uwe na ladha. Himaya inaingia Astarte na manowari 20,000 zenye watu milioni 2.4, chini ya Reinhard von Lohengramm, kijana wa miaka 20. Makamanda walio chini yake, karibu wote wakubwa kwake kwa umri, wananong'ona kwamba amepanda vyeo kwa sababu dada yake ni kipenzi cha Kaisari. Muungano unakuja na vikosi vitatu kutoka pande tatu: cha Nne cha Pastolle, manowari 12,000, cha Sita cha Moore, 13,000, na cha Pili cha Paetta, 15,000. Nia ni kumzingira adui katikati na kumfinya mpaka aishe. Hivyo ndivyo Muungano ulivyoshinda Dagon zaidi ya miaka 150 nyuma, ushindi ambao kila ofisa wake anafundishwa chuoni.

Mpango huo haukuwa wa kijinga, na wanaoucheka wasome historia ya dunia hii yetu. Mwaka 1866 Prussia iliingia Bohemia na majeshi matatu yaliyoachana kwa makusudi, mbele yao Waaustria wa Benedek wakiwa wamekusanyika katikati. Tarehe 3 Julai, pale Sadowa, jeshi la mwana wa mfalme lilifika mchana, wenzao wakiwa wameshapigana tangu asubuhi, likampiga Benedek ubavuni. Prussia ikashinda, na mpangaji wake, Moltke, akawa mwalimu wa majeshi ya Ulaya. Benedek alikaa katikati kama Reinhard, ila hakuwahi kulirukia fungu moja kabla mengine hayajafika. Kuzingira kwa mafungu yaliyoachana kunamtegemea sana yule anayezingirwa: akikaa akisubiri, amekwisha, akiondoka mapema kumwelekea mmoja wenu, ninyi ndio mmezingirwa na umbali wenu wenyewe.

Reinhard aliondoka mapema. Makamanda wake wanamfuata na ushauri wa kurudi nyuma, kwa kuwa wamezidiwa mara mbili na wanatokewa pande tatu. Yeye anaisoma ramani hiyo hiyo na kuona kitu kingine: kila kikosi cha adui kikiwa peke yake ni kidogo kuliko chake, na yeye aliye katikati ana njia fupi ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kuliko waliyo nayo wao ya kukutana. Ataanza na cha Nne, kilicho kidogo kuliko vyote na kilicho mbele yake. Halafu atazunguka kukiwahi cha Sita, na cha Pili atakimalizia mwisho.

Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari, na mimi ndipo ninapolifungua. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, katika kitabu chake cha 1916 kuhusu ndege za vita, alitoa kanuni rahisi: pale ambapo kila mmoja anaweza kumpiga yeyote kwa mbali, nguvu ya jeshi haiendi na idadi yake bali na idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Tuhesabu kwa maelfu. Himaya ni 20 mara 20, yaani 400. Muungano ukiwa pamoja ni 40 mara 40, yaani 1,600, nguvu mara nne. Ukigawanyika, kila kikosi kinazidishwa peke yake: 144 ya cha Nne, 169 ya cha Sita, 225 ya cha Pili. Jumla 538. Nguvu imeporomoka kutoka 1,600 hadi 538, hasara kubwa sana, lakini 538 bado ni zaidi ya 400.

Tuendelee hatua kwa hatua. Reinhard akikimaliza Kikosi cha Nne kwa kanuni hiyo, anabaki na manowari 16,000. Akikimaliza cha Sita, anabaki na 9,300 hivi. Kwa hizo 9,300 anakwenda kumkabili Paetta mwenye 15,000 ambazo hazijapata mkwaruzo, na hapo anapigwa. Kwa karatasi tupu, Muungano uliogawanyika unashinda Astarte na kubaki na manowari karibu 12,000.

Hadithi inasema tofauti kabisa. Himaya ilipoteza manowari 2,200 na watu wasiozidi 154,000. Muungano ulipoteza zaidi ya manowari 22,000, na waliokufa walipita milioni moja na nusu. Kanuni inamtaka Reinhard alipe manowari 4,000 kwa pambano la kwanza pekee. Yeye alilipa karibu nusu ya hizo kwa mapambano yote matatu.

Tofauti hiyo haitokani na kugawa jeshi. Kanuni ya Lanchester inachukulia kwamba pande zote mbili ziko tayari, zinatazamana na zinafyatua tangu dakika ya kwanza. Pastolle hakuwa tayari. Alitarajia adui aliyezidiwa atasubiri au atakimbia, hakutarajia kuvamiwa, na Fahrenheit aliyetangulizwa na Reinhard akamwingia kabla hajajipanga. Mawasiliano nayo yalivurugwa, kwa hiyo vikosi viwili vilivyobaki havikujua mwenzao yuko katika hali gani. Na jambo ambalo watazamaji wengi wanalipita: Kikosi cha Nne kilipovunjika, Reinhard alikataza kuwasaka waliosalia. Manowari nyingi za Pastolle zilikuwa bado zinaelea na bado zina mizinga. Hazikuwa kikosi tena, na kwa Reinhard hilo lilitosha. Kamanda anayependa sifa angepoteza saa mbili tatu kumalizia mabaki, na saa hizo ndizo Paetta na Moore walizokuwa wanazihitaji.

Saa hizo hizo, ndani ya manowari ya Paetta, ofisa wa mipango Yang Wen-li anatoa ushauri ambao kwangu ndio kiini cha mapigano yote. Anasema tusiende kumsaidia Pastolle. Tutakapofika tutakuta amekwisha, na adui atakuwa ameshamwelekea Moore. Twende moja kwa moja tukaungane na Kikosi cha Sita. Rudi kwenye hesabu: 13 na 15 zikiungana ni 28, na 28 mara 28 ni 784. Hata kama Reinhard hakupoteza manowari hata moja kwa Pastolle, ana 400 tu. Kwa uamuzi mmoja Muungano unarudi kuwa na nguvu karibu mara mbili ya adui, na kosa la kugawa jeshi linakuwa limerekebishwa katikati ya vita.

Paetta anakataa. Hawezi kuwaacha wenzake wa Kikosi cha Nne wafe bila msaada. Ni jibu la mtu mwenye utu, na ndiyo maana Tanaka ni mwandishi mzuri kuliko wengi wa aina yake: kosa kubwa la siku hiyo linafanywa na mtu asiye mwovu wala mpumbavu, anayetenda linaloonekana la heshima. Paetta anakwenda mahali ambapo vita vimeshakwisha, na Moore anaachwa peke yake.

Moore ndiye kamanda wa pili ninayemhukumu. Msaidizi wake, Jean Robert Lapp, rafiki wa Yang tangu chuoni, ameshahisi kwamba adui anakuja kwao, na hasikilizwi. Himaya inatokea nyuma yao upande wa kulia. Moore anaamuru kikosi kizima kigeuke kumkabili adui, na Lapp anapinga. Manowari za hadithi hii zina mizinga yake mikubwa mbele. Manowari inayogeuka inaacha kupiga, inapunguza mwendo na inaonyesha ubavu. Zikigeuka 13,000 kwa pamoja chini ya moto, mpiganaji wa upande wa pili hana haja hata ya kulenga. Kikosi cha Sita kinasambaratika. Moore anatakiwa asalimu amri, anakataa, yuko radhi aitwe asiyefaa kuliko aitwe mwoga, na anakufa pamoja na Lapp.

Historia ina jambo linalokaribiana na Astarte. Agosti 1914 Urusi ilipeleka majeshi mawili Prussia Mashariki, la Rennenkampf na la Samsonov, katikati yao yakiwepo maziwa ya Masuria. Wajerumani waliwaacha askari wachache mbele ya Rennenkampf, wakawapeleka wengine, baadhi yao kwa reli, kwenda kumzingira Samsonov pale Tannenberg, kisha Septemba wakarudi kumgeukia Rennenkampf. Warusi waliachana, lakini pia walikuwa wakitangaza amri zao redioni bila kuzificha, na Rennenkampf alikwenda taratibu bila kujua mwenzake anateketea. Umbali peke yake haukutosha kuwaangamiza.

Ushahidi wangu wa mwisho uko ndani ya Astarte yenyewe, na nashangaa hautajwi mara nyingi zaidi. Kikosi cha Pili kinaposhambuliwa, Paetta anajeruhiwa na Yang anashika usukani. Reinhard anapanga manowari zake kama mkuki na kuchoma katikati. Yang anagawa jeshi. Anafanya kosa lile lile ambalo mashabiki wanalilaani, tena mbele ya macho ya adui: katikati yake inafunguka, nusu moja inapita kushoto, nusu nyingine kulia, zinaambaa pembeni mwa Himaya na kukutana mgongoni mwake. Sasa Reinhard ndiye anayepigwa kwa nyuma. Safari hii kugawanyika kunafaulu kwa sababu mpango uliingizwa mapema kwenye kompyuta za manowari zote, na amri ilikuwa moja tu, wafungue mpango uliokwisha kuwekwa. Hakuna aliyehitaji redio kumuuliza mwenzake yuko wapi. Kila nusu ilijua pa kwenda, njia ilikuwa fupi, na aliyechagua dakika ya kugawanyika alikuwa Yang.

Reinhard naye anaonyesha kwa nini ni Reinhard. Wa kwake wanataka kugeuka. Anakataa, akisema hataki kurudia upuuzi wa kamanda wa Kikosi cha Sita. Anasonga mbele kwa kasi na kuzunguka ili ashike mkia wa Yang. Kamanda wake mmoja, Erlach, anakaidi, anageuka, anauawa, kana kwamba Tanaka alitaka kutuonyesha jambo la Moore mara ya pili kwa wale waliosinzia. Vikosi viwili vinabaki vimeshikana mikia, hakuna anayepata faida, na kila mmoja anaondoka zake. (Kwamba yote haya yanachezwa kama vile anga ni sahani bapa, hakuna aliyefikiria kupita juu wala chini, ni lalamiko la haki. Nimelizoea.)

Kwa hiyo wanaotaka vita ambavyo kugawa jeshi ndiko kulikoua waiache Astarte, waende Amritzar, mwaka huo huo wa hadithi. Muungano unaivamia Himaya na vikosi vinane na kuvitawanya kwenye mifumo ya nyota karibu 200 ambayo Reinhard ameshaiondolea chakula, ili wavamizi wabebe mzigo wa kulisha raia. Kircheis, msaidizi wa karibu wa Reinhard, anaiteketeza misafara ya vyakula, halafu Himaya inavipiga vikosi vyote siku moja, kila kimoja mahali pake, wanajeshi wakiwa na njaa. Pale hakuna ambaye angewaambia waungane wakawahi, kwa sababu umbali na njaa vilikuwa vimeshaamua. Walikwenda watu zaidi ya milioni 30, na takriban milioni 20 hawakurudi.