Nzuri, Ila

Katika shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, mwanafunzi hukaa kwanza darasani, kisha hupelekwa kwa wagonjwa. Mimi darasani nilifaulu vizuri. Aliyenionyesha kwamba bado sijaelimika ni mama mmoja wa Gonja.

Nilikuwa nimerudi kwetu, upande wa mashariki wa milima ya Upare, kwa mafunzo ya vitendo. Mkononi nilishika dodoso liitwalo PHQ-9. Lilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2001. Lina maswali 9 juu ya hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita: huzuni, usingizi, hamu ya chakula na mengineyo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mtaalamu hushuku sonona.

Nilimwamkia yule mama, akaitikia marahaba. Nikamsomea maswali kwa Kiswahili. Karibu kila swali alilijibu kwa upole, "Hapana, mwanangu." Nikajumlisha, nikapata 2. Nikaandika kwamba hana tatizo. Alipofika mlangoni alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, kisha akaniambia kwa Chasu kwamba usiku moyo humwenda mbio, na mawazo hayamwachi tangu amzike mwanawe. Kwa aibu nikamrudisha kitini.

Sitaki kulibeza dodoso. Ni fupi, halilipiwi, na limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwetu Afrika Mashariki. Swali lake la mwisho, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, humlazimisha mwanafunzi mwoga kuuliza jambo ambalo angelikwepa. Kasoro ni yetu sisi tunaolichukua jibu la kwanza kuwa ndilo jibu.

Ndugu msomaji, wewe mwenyewe unajua tunavyosalimiana. Mtu ukimwuliza habari za nyumbani, hata kama kuna mgonjwa ndani atakujibu, "Nzuri." Halafu, baada ya kimya kidogo, "Ila..." Ile "nzuri" si uongo, ni adabu. Habari yenyewe huja baada ya "ila". Anayeandika jibu la kwanza na kufunga jalada amesalimiwa tu, hajaambiwa kitu.

Wenzetu wa Zimbabwe walianzia upande wa pili. Dodoso lao la Kishona, la miaka ya 1990, lilitungwa kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, likiwamo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Baadaye Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi na wenye shida kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Akina bibi hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na masikio na subira.

Sisemi vyuo viache madodoso. Nasema mwanafunzi apimwe pia jinsi anavyongoja: je, baada ya swali la mwisho hubaki ameketi, au hukusanya karatasi zake?

Yule mama alizungumza zaidi ya saa nzima. Alipomaliza, niliikata ile 2, nikaanza upya.