Lafudhi na Mtu

Msomaji, ukivuka daraja la Nyali jioni utawakuta washereheshaji katika hoteli za ufukweni na kumbi za arusi, wakitafuta riziki kwa vicheko vya watu. Ni kazi halali, tena ngumu. Lakini sikiliza wanachekesha kwa kitu gani. Mara nyingi ni kwa mtu wa Pwani: msema polepole, mkimbia kazi, mlala chini ya mnazi. Wageni wa bara hucheka. Na mwenyeji, ambaye ndiye achekwaye, hucheka nao asije akaitwa mwenye kinyongo.

Yuko atakayenijibu kwamba Mzee Ojwang naye aliiga lafudhi. Ni kweli. Benson Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lakini katika mchezo wa Vitimbi alisema Kiswahili cha Mjaluo, ambacho "sh" hugeuka "s". Watazamaji wengi walimdhani Mjaluo wa kuzaliwa, na jambo hilo halikupatikana kwa ulimi peke yake.

Mtazame akigombana na Mama Kayai, mkewe katika mchezo. Ana hasira, ana majivuno, na chini ya majivuno ana hofu ya kushindwa mbele ya mke. Mvue lafudhi: atabaki mume ambaye kila mtaa unaye. Sasa mvue uvivu yule mtu wa Pwani wa jukwaani, ukaone atabaki nani. Hana mke, hana deni, hana jirani wa kumwogopa. Hata lugha hana! Huvuta maneno tu, kama kwamba kuvuta ndiko Kiswahili cha Mombasa. Na Kimvita chenyewe, ambacho "njoo" ni "ndoo" na "nchi" ni "nti", chenye mafumbo na kejeli za kukata, hakisikiki.

Sikulaumu mchekeshaji bila kuitazama mifuko yake. Wanjau aliyelichekesha taifa kwa miaka mingi, mwaka 2014 alichangiwa fedha za kutibiwa macho. Mshereheshaji wa Nyali hulipwa kwa usiku mmoja, na amlipaye hutaka kicheko kabla chakula hakijapoa. Mtu kamili hatungwi kwa haraka hiyo. Mzaha wa uvivu hauhitaji mazoezi, na wageni wa usiku wa leo sio wa jana.